Uwanja wa Mtakatifu Petro: Kanisa Lililojengwa na Doh Iliyozua Noma

Ukiwahi kuona kwa TV umati ukingoja moshi mweupe utoke Vatican, ushaona Uwanja wa Mtakatifu Petro. Nyuma yake ni basilika lenye jina hilo hilo. Panakaa pametulia, lakini stori yake ni moto.

Kanisa la kwanza hapo lilijengwa na Kaisari Constantine karne ya 4, juu ya mahali panapoaminika kuwa kaburi la Petro. Miaka zaidi ya 1,000 baadaye lilikuwa limechoka, so Papa Julius II akaamua libomolewe. Msingi wa jipya uliwekwa mwaka wa 1506, ramani ikichorwa na Bramante.

Shida ikawa ganji. Papa Leo X akaruhusu watu wauziwe vyeti vya rehema: unatoa pesa, unaambiwa adhabu ya dhambi imepunguzwa. Huko Ujerumani, mtawa Martin Luther akasema zii. Mwaka wa 1517 akatoa hoja zake 95, na Wakristo wa Ulaya wakagawanyika. Kwa hivyo kama wewe ni Mprotestanti, hii mijengo inakuhusu pia.

Kazi haikusimama. Mwaka wa 1547 Michelangelo alipewa hiyo kazi akiwa na miaka 71, akachora kuba na kufa kabla liishe. Giacomo della Porta alilimaliza mwaka wa 1590. Kutoka chini hadi ncha ya msalaba ni kama mita 136. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka wa 1626, miaka 120 baada ya msingi.

Uwanja wenyewe ni kazi ya Gian Lorenzo Bernini, kati ya 1656 na 1667. Alizungusha nguzo 284, zimepangwa safu nne, na juu yake kuna sanamu 140 za watakatifu. Kuna mawe ya duara kwa sakafu, moja kila upande. Simama hapo uangalie nguzo za upande huo: safu zote nne zinajificha, unaona moja tu. Buda alikuwa fundi!

Ile nguzo ndefu ya katikati ni mzee kuliko kila kitu hapo. Ilitoka Misri, Kaisari Caligula akaileta Roma. Mwaka wa 1586 Domenico Fontana aliihamisha hadi ilipo sasa, akitumia wanaume kama 900, farasi na kamba.

Sasa cheki hii. Bernini alieleza kwamba zile nguzo ni mikono ya mama: Kanisa linawakumbatia Wakatoliki, na pia wale waliojitenga, ili warudi. Yaani doh ya kujenga kanisa ilisaidia kugawanya familia, halafu mbele ya mlango wake wakajenga mikono ya kuwaita nyumbani. Ukiuona tena kwa TV, angalia hizo nguzo vizuri. Mikono bado iko wazi.