Nambari Ngeni: Nipokee au Nisipokee?

Wiki jana nilikuwa nimeinamia kompyuta hapa Nairobi nikitafuta hitilafu kwenye programu ya mteja, simu ikaita. Nambari ilianza na 0110, siijui. Nikaiacha. Ikaita tena, nikaikata. Mara ya tatu nikaizima sauti kabisa.

Jioni ndipo nilipopata habari. Aliyekuwa akipiga ni kijana wa jirani yetu kule Nyamira. Mama aliteleza akichuma chai, akavunjika mkono, na simu yake mwenyewe ilikuwa imeisha chaji. Alikaa muda wa saa tatu akingoja nitume pesa za gari la kumpeleka hospitali. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mtu akibisha mlango wangu usiku mimi huuliza, 'Ning'o?' Ni nani? Wewe mbona hukuuliza?"

Nilikosa jibu, hasa kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha mama asipokee nambari asizozijua. Basi nikaanza kufikiria tulifikaje hapa.

Kabla ya mwaka 2000 hapakuwa na kitu kinachoitwa nambari ngeni, maana nambari zote zilikuwa ngeni. Simu za mezani za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na likagawanywa 1999, hazikuonyesha nani anapiga. Kwetu Kisii na Nyamira simu zenyewe zilikuwa za kuhesabu: posta, ofisi za serikali, shule, kiwanda cha chai, duka la tajiri mmoja mmoja. Kengele ikilia unainua na kuuliza, "Hallo, nani mwenzangu?"

Kwa Mgusii hilo "nani" ni zito. Tuna kanuni za heshima tunazoziita chinsoni, ambazo huamua utasema nini na utanyamaza nini mbele ya mzazi au mkwe. Huwezi kufungua mdomo ovyo kabla hujajua unazungumza na nani. Kwa hiyo anayepiga alijitaja kwanza: mimi ni mtoto wa fulani, wa mahali fulani.

Mwaka 2000 mambo yakageuka. Safaricom, iliyoanzishwa 1997 na iliyokuwa chini ya Telkom Kenya, ilimpata mshirika wake Vodafone, na KenCell nayo ikaingia sokoni. Katika simu ya mkono, mtandao hukutumia nambari ya anayepiga, kisha simu yako huitafuta kwenye orodha ya majina uliyohifadhi. Ikiikosa, inakuonyesha tarakimu tupu. Hapo ndipo nambari ngeni ilipozaliwa. Angalia vizuri: ugeni huo ni pengo katika orodha yako wewe. Hausemi lolote kuhusu aliyepiga.

Miaka ile ya mwanzo, tarakimu tupu mara nyingi zilimaanisha mtu wa kwenu asiye na simu. Mwanafunzi anapiga kutoka simu ya jamii pale Keroka. Shangazi ameazima simu ya mwalimu. Mjomba amekuflashi mara moja akakata ili umpigie. Aliyelipa ni aliyepiga, kwa hiyo kupokea hakukugharimu kitu. Usipopokea, ungesikia kwenye matanga kwamba mji umekuharibu.

Halafu tarehe 6 Machi 2007 ikaja M-Pesa, na simu ikageuka mfuko wa pesa. Zamani mwizi ilimbidi asukumane na watu sokoni Daraja Mbili ndipo akufikie. Sasa alihitaji nambari yako na maneno matamu tu. Unapata ujumbe wa uongo kwamba umetumiwa pesa, kisha simu: "Nimekosea, nirudishie tafadhali." Wakenya wakazoea kusema "hao ni Kamiti", kwa kuwa wafungwa wa gereza hilo wamewahi kupatikana na simu. Baadaye jina la Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, likaingia kwenye habari baada ya polisi kukamata washukiwa wa wizi wa kubadilisha laini za watu.

Serikali ilianza usajili wa laini Juni 2010, na zisizosajiliwa zikapewa mwisho Desemba 2012. Mwaka 2022 tukapangishwa foleni tena kuhakiki. Usajili una faida yake, lakini unasema laini ni ya nani. Hausemi nani ameishika sasa hivi. Truecaller, iliyoanza Sweden mwaka 2009, hutegemea sana majina yanayotoka kwa watumiaji, na tapeli naye ni mtumiaji. Hata nambari yenyewe inaweza kughushiwa kwa simu zinazopitia intaneti. Mwaka 2019 zikaja laini za mkono zinazoanza na 01, na wengi tukazishuku kwa upya wake tu. Ongeza wakopeshaji wa mtandaoni waliokuwa wakiwapigia ndugu na marafiki wa mdaiwa, mpaka kanuni za Benki Kuu za 2022 zikakataza.

Ndiyo maana tuliacha kupokea. Lakini mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka akiacha kupokea, atauzia nani? Kila mteja mpya huanza kama nambari ngeni. Na ajali haichagui simu iliyo kwenye orodha yako.

Mimi ni mtu wa programu, na kosa langu ningepaswa kuliona mapema. Seva hupokea maombi kutoka kwa mtu yeyote duniani. Haifungi mlango kwa sababu haikujui. Inachokunyima ni vilivyo ndani, mpaka uthibitishe wewe ni nani. Kupokea ni jambo moja, kuamini ni jambo jingine. Mimi nilimfundisha mama kufunga mlango badala ya kumfundisha kufunga sanduku.

Kwa hiyo tumepanga upya. Mama atapokea, na atauliza "Ning'o?" kama mlangoni. Hatamsaidia mtu kujitaja, ukisema "Ni wewe Fulani?" tapeli ataitikia "Ndiyo, ni mimi". Anayedai ametuma pesa kimakosa aambiwe apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, Safaricom washughulikie. Nambari ya siri haitajwi kwa yeyote, hata simu ikionyesha 0722 000 000 ya Safaricom wenyewe. Na nambari ya nchi za mbali ikilia mara moja ikakatika, hapigi; huo ni mtego ambao Wajapani waliuita wangiri, unakula kredo.

Nami nitapokea pia. Nambari ya yule kijana nimeshaihifadhi, lakini hilo halinitoshi. Siku nyingine atakayekuwa karibu na mama atakuwa mtu mwingine, mwenye simu nyingine.