KOMPYUTA YAKO YA GEMU IMECHOKA: UIONGEZEE VIFAA AU UNUNUE NYINGINE?

Kila wiki lazima nikutane na swali hili, iwe nimekaa kafe au nipo kwenye meza yangu ya ufundi: "Kaka, mashine inastaki kwenye gemu, niiongezee vifaa au niiuze nitafute nyingine?" Leo naandika jibu moja refu, ili akija mwingine nimwambie tu asome hapa. Pesa ya kijana haina spea jamani, ikipotea imepotea.

Jibu langu kwa kifupi: NUNUA KIFAA KINACHOHAMA, USINUNUE KINACHOZIKWA. Kinachohama ni kile utakachokichomoa siku ukipata mashine mpya ukaondoka nacho. Kinachozikwa ni kile kitakachobaki kwenye mashine ya zamani mpaka ife.

Mfano nitatumia Dell OptiPlex 7010. Hizi, pamoja na ndugu zake wa HP, zimejaa sana Kariakoo na kule Luthuli, Nairobi. Zilikuwa mashine za maofisini huko nje, zikaja kwetu kama mtumba, vijana wakaziwekea kadi ya picha zikawa za gemu. 7010 ilitoka 2012, na nyingi zinakuja na prosesa ya i5-3470 na RAM za DDR3.

1. ANZA NA VUMBI

Kabla hujatoa hata senti, fungua kasha. Prosesa ikipata joto kali inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unaona gemu linakwama. Puliza vumbi kwa blowa (feni uishike kwa kidole isizunguke), futa ile dawa kavu juu ya prosesa, paka mpya. Kwa vumbi letu hili, kuna mashine nimezisafisha tu na mwenyewe akasahau habari ya kununua kitu.

2. JUA NANI ANAKUANGUSHA

Fungua gemu linalokusumbua, punguza ukubwa wa picha kutoka 1920x1080 mpaka 1280x720. Kama fremu zimepanda sana, aliyezidiwa ni kadi ya picha. Kama zimebaki pale pale, aliyezidiwa ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Kama fremu ni nzuri lakini gemu linachukua mwaka kufunguka, au linaganda kila ukiingia eneo jipya, angalia hadi diski na RAM. SSD inafupisha kusubiri, ila usitegemee ikuongezee fremu.

Na kama una RAM ya 8GB kwenye kijiti kimoja, jua kwamba vijiti viwili vya 4GB vinafanya kazi kwa kasi zaidi, hasa kama unatumia picha za ndani ya prosesa bila kadi.

3. UNATAKA KUCHEZA GEMU GANI?

Hapa ndipo wengi wanaliwa. Kuna kitu mashine haiwezi kwa sababu ni dhaifu, na kuna kitu haiwezi kwa sababu imekatazwa mlangoni.

GTA V ile ya 2015 ilipendekeza i5-3470 na RAM ya 8GB, yaani prosesa ile ile ya 7010 yetu! Kwa gemu kama hilo, mashine ya 2012 bado ni mashine.

Sasa njoo kwenye mpira. FC 26 iliyotoka 2025 inataka angalau prosesa ya i5-6600K, ambayo ni ya 2015, na inataka Secure Boot iwe imewashwa. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 inataka Secure Boot pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama kinachokaa kwenye bodi. Valorant ukiicheza kwenye Windows 11 inataka hivyo hivyo. 7010 imekuja na TPM 1.2. Hapo hata uweke kadi ya milioni, mlango umefungwa.

Halafu kuna Windows yenyewe. Windows 10 ilimaliza huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine za nyumbani wakapewa nyongeza ya usalama ya mwaka mmoja. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8 au Ryzen za 2000 kwenda juu, ukiacha chache. Kuna njia za panya za kuiweka kwenye mashine za zamani, lakini usijenge mradi juu ya njia ya panya.

4. KINACHOHAMA NA KINACHOZIKWA

VINAVYOHAMA: SSD ya SATA, kadi ya picha, monita, kibodi, mausi, na pawa saplai ya kawaida ya ATX. SSD usichukue ya 120GB kwa tamaa ya bei. FC peke yake inataka kama 100GB, ukijumlisha Windows umeshamaliza nafasi. Anzia 480GB.

VINAVYOZIKWA: prosesa ya soketi ya zamani, RAM ya DDR3, na bodi. Kwenye 7010 mwisho wa safari ni i7-3770, ambayo nayo ni ya 2012. Ina nyuzi 8 badala ya 4 za i5, kwa hiyo utaona tofauti, ila mlango wa FC 26 hautafunguka, na siku ukihama haiingii popote.

Wenye Ryzen ya bodi ya AM4 mna bahati yenu. Bodi nyingi za 2017 zinakubali hata Ryzen 5000 za 2020 ukishasasisha BIOS. Hapo kubadilisha prosesa kuna maana kabisa. Intel sio hivyo. Prosesa za kizazi cha 8 zinafanana soketi na za kizazi cha 6 na 7, lakini bodi za zamani hazizikubali. Usinunue kwa kuangalia umbo.

5. PAWA SAPLAI NDIYO INAYOAMUA KADI

7010 ya kasha kubwa ina pawa saplai ya wati 275, ile nyembamba wati 240. Nafasi ya kadi kwenye bodi inatoa wati 75 tu. Kwa hiyo tafuta kadi isiyotaka waya wa ziada: GTX 1050 Ti (2016), GTX 1650 (2019) zile zisizo na tundu la umeme, au RTX 3050 ya 6GB (2024). Kasha jembamba linataka kadi ya nusu kimo, pima kwanza.

Kuhusu 1050 Ti angalia kitu kimoja. Oktoba 2025 NVIDIA ilisimamisha draiva mpya za gemu kwa familia hiyo ya GTX 1000, zikabaki za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Ukiikuta kwa bei ya chini sana chukua, ila bei ikikaribiana na 1650, chukua 1650.

Na wenye OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, plagi ya umeme kwenye bodi sio ile ya kawaida ya pini 24. Ukinunua pawa saplai ya ATX, nunua na waya wa kubadilishia.

6. HESABU YA MWISHO

Hapa mtaani kuna kijana anachezesha watoto gemu kibandani, mashine moja, ndiyo inayomlipia kodi ya chumba. Alikuwa amekusanya laki tatu, anataka i7-3770 na RAM nyingine za DDR3, maana watoto wanadai FC mpya. Nikamwambia hiyo laki tatu unakwenda kuizika, na FC mpya bado hutaicheza. Tulisafisha mashine, akanunua SSD, akapata na 1650 ya mtumba. GTA inakwenda vizuri, FIFA za zamani zinakwenda, na chenji iliyobaki ndiyo mwanzo wa kudunduliza mashine ya kizazi cha 8. Siku akiipata, SSD na kadi zinahamia huko. Kweli kuna watoto wamekwenda kibanda cha jirani chenye FC mpya, hilo sikufichi. Lakini kodi amelipa.

Kwa hiyo kaa chini na kalamu. Andika bei ya vifaa VINAVYOZIKWA peke yake. Kisha andika bei ya mashine nyingine, utoe kiasi utakachouza hii ya zamani. Kama vya kuzikwa vinafika nusu ya pengo hilo, mimi nasema acha, endelea kudunduliza. Kama havifiki, na gemu unalolitaka halijafungiwa mlango, ongeza kwa amani.

Ukinunua mashine ya mtumba, chukua iliyokuja na RAM yake ya kutosha ndani. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani, maana viwanda vilielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia, na kuinunua kando kunaweza kukumaliza. Na usilipe kabla hujaiwasha pale pale dukani, ukaingia BIOS, ukaiona TPM 2.0 kwa macho yako. "Ipo hiyo, nenda tu" sio jibu.

Haya wadau, mwenye mashine inayomtesa aweke hapo chini jina la mashine, prosesa, RAM na gemu analolitaka, tuchambue pamoja. Nawakilisha!