Kaniki ya Enkai Narok

Simulizi imeota mizizi hata huku Matasia na Kiserian, na sasa inarudiwa na vijana wanaouza shanga kando ya barabara ya Ngong: kwamba shuka nyekundu ya mirabamiraba ya Wamaasai waliileta wamishonari wa Uskoti. Ushahidi wao ni kufanana kwa shuka hiyo na nguo za koo za Kiskoti, pamoja na ukweli kwamba misheni ya Waskoti ilihamia Thogoto mwaka 1898, safari fupi tu kutoka hapa. Simulizi ya namna hii huwapendeza wageni, kwa sababu huwapa sehemu katika jambo lisilowahusu.

Shahidi mzuri wa kuipinga ni Mskoti mwenyewe. Joseph Thomson, mzaliwa wa Penpont, alipiga kambi Ngongo a Bagas, chini ya vilima vya Ngong, mwaka 1883, miaka kumi na mitano kabla ya Thogoto. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka 1885. Wengi hukikumbuka kwa yale meno ya bandia aliyoyang'oa na kuyarudisha kinywani ili aonekane mganga. Kurasa zake kuhusu nguo husomwa na wachache, nazo ndizo zenye nyama.

Thomson anawaeleza Wamaasai waliovaa ngozi: wanawake ngozi nzito za kujifunika mwili, morani vipande vyepesi vya ngozi ya mbuzi. Lakini morani akienda vitani alijifunga shingoni naibere, kitambaa cha pamba chenye urefu wa futi sita na upana wa futi mbili, kilichoshonewa mstari wa nguo ya rangi katikati, kikapeperuka mgongoni. Na naibere ilishonwa na nani? Msafara ulipokuwa Taveta, Thomson aliambiwa kuwa shanga zake hazitapokelewa zilivyo. Ilibidi zitungwe upya kwa urefu anaoutaka Mmaasai, na nguo zishonwe kwa mtindo wake. Wapagazi wa pwani wakaketi wakatunga na kushona. Hapo hapakuwa na padre wala mchungaji. Walikuwapo Waswahili wenye sindano, na katika safari hiyo pia mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimemeta, aliyeijua njia ya bara kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule.

Habari za vitambaa vyenyewe zinajulikana: amerikani kutoka viwanda vya Massachusetts, kisha Bombay iliyochukua soko baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani; bendera nyekundu; kaniki ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Muhimu ni kwamba mnunuzi alichagua. Mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyotakiwa alirudi nayo Mombasa.

Sasa, kwa nini rangi hii na si ile? Hapa ndipo imani inapoingia, na hapa ndipo waandishi wanapogombana. Alfred Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha The Masai mwaka 1905, na ndani yake mna masimulizi ya miungu wawili. Mweusi anataka kuwapa watu mvua. Mwekundu anataka kuwaangamiza. Radi inayopasuka karibu ni ya mwekundu anayekuja kuua, na ngurumo ya mbali ni ya mweusi akimzuia. Moritz Merker, Mjerumani aliyeandika mwaka mmoja kabla yake, aliona katika dini hiyo mabaki ya Waisraeli wa kale. Nadharia yake ilisomwa sana Ulaya; haina haja ya kutupotezea muda.

Wanaostahili kusikilizwa ni wale wasemao kuwa Enkai, Mungu wa Wamaasai, ni mmoja tu, na kwamba Enkai Narok, mweusi, na Enkai Nanyokie, mwekundu, ni hali zake mbili, mvua na ukame, rehema na hasira. Wazee wanaoomba husema na Enkai mmoja, na tafsiri hii inalingana na sala zao zaidi kuliko hadithi ya Hollis. Lakini kwa tafsiri zote mbili, weusi ni rangi ya wingu lililobeba mvua, na kwa mfugaji hakuna baraka inayolizidi.

Ukishika hilo, mavazi ya wavulana waliotoka tohara yanaeleweka. Hollis anawaeleza wakiwa na mavazi marefu yanayofika chini, wakivaa surutia, hereni za mwanamke aliyeolewa, na kichwani ndege waliowinda kwa mishale. Si watoto tena, wala hawajawa morani. Kwa muda wamekaa upande wa wanawake na wa baraka. Ngozi walizovaa zilipakwa mafuta na makaa hadi zikawa nyeusi. Ngozi zilipopungua, nguo nyeusi ya dukani, ile kaniki, ikashika nafasi yake bila kuuliza ruhusa ya mtu. Nyekundu ya ngeu, udongo wa kujipaka, ilimsubiri kijana mbele, kwenye umorani, rangi ya damu na nguvu. Kwa hiyo anayeiita nyekundu “vazi takatifu la Wamaasai” amechukua rangi ya ujana na kuipa kazi ya mvua.

Wamishonari wa Africa Inland Mission walipokuja, waliona ngozi na ngeu kama upagani mtupu, na muumini mpya alitarajiwa kunawa na kuvaa shati. Serikali huru haikuwa na subira zaidi yao. Mwaka 1967 na 1968 Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na ngeu, wavae suruali na magauni. Wachungaji na wanamapinduzi, waliotofautiana kwa kila kitu, walikubaliana kuhusu suruali!

Matasia ya leo ina mavazi mengine ya imani, na Jumapili asubuhi yote yako barabarani. Waakorino, ambao mwanzo wao ni uamsho wa Wakikuyu wa miaka ya 1920, hupita na vilemba vyeupe, wanaume kwa wanawake. Watatu wao waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu mwezi Februari 1934, na kilemba kiliendelea kuvaliwa. Mwakorino ataitaja aya ya Biblia iliyomfunga kilemba. Shuka ya mirabamiraba haina aya wala sala nyuma yake. Ni blanketi la dukani, joto kwa baridi ya Ngong, na imevaliwa na wahubiri, maharusi na wanasiasa wa kila kabila wanaotafuta kura Kajiado.

Nguo nyeusi ya tohara haijapata umaarufu huo. UNESCO iliingiza sherehe za rika za Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2018, na wengi wakasema tishio ni miji na mashamba. Kwa vazi hili, tishio la karibu ni shule. Kukaa katika nguo nyeusi, pamoja na kuwinda ndege, kulichukua miezi. Sasa mvulana hutahiriwa shule zikifungwa Desemba, na Januari mwalimu anamtaka darasani akiwa na sweta na kaptula ya sare.