Lenzi na Mahali pa Kusimama

Mwanafunzi wa historia hufundishwa mapema kumhoji shahidi wake. Asomapo barua ya zamani, huuliza ni nani aliyeiandika, alikuwa wapi, na ni mambo gani aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe. Lakini atazamapo picha ya zamani, aghalabu husahau kuuliza. Huiamini papo hapo, kana kwamba picha hiyo haikupigwa na mtu bali ilijipiga yenyewe. Hilo ni kosa. Picha nayo ni shahidi, na kila shahidi ana mahali aliposimama. Katika insha hii nitaeleza jinsi kipande kidogo cha kioo, yaani lenzi, kilivyowaamulia wapiga picha wengi wa karne ya 20 mahali pa kusimama, na kwa nini wengi wao waliipenda lenzi iliyo pana kwa kiasi.

Habari hizi zaanzia katika mji wa Wetzlar, nchini Ujerumani, penye kiwanda cha Ernst Leitz kilichokuwa mashuhuri kwa kutengeneza hadubini. Alikuwako huko fundi mmoja, jina lake Oskar Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879. Barnack alipenda sana kupiga picha, lakini alisumbuliwa na pumu, na kamera za siku zile zilikuwa mzigo wa kumchosha hata mtu mzima wa afya: sanduku kubwa, sahani za kioo, na miguu mitatu ya kusimamishia. Basi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza mwaka 1914, alikwisha kuanza kuunda kamera ndogo yenye kutumia filamu ya sinema, ambayo utepe wake una upana wa milimita 35. Picha moja ya sinema ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Barnack aliunganisha nafasi za picha mbili, akapata picha moja ya milimita 24 kwa 36. Vita viliichelewesha kazi hiyo, lakini mwaka 1925 kamera yenyewe, iliyopewa jina la Leica, ilionyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Ilikuwa ndogo kiasi cha kutiwa katika mfuko wa koti.

Leica hiyo ya kwanza ilikuwa na lenzi moja tu isiyobadilishwa, ya milimita 50, iliyobuniwa na Max Berek. Hapa yafaa tusimame kidogo, tuielewe maana ya namba hiyo. Lenzi hukusanya miale ya nuru itokayo katika kitu kilicho mbali, ikakutana mahali pamoja nyuma yake. Umbali kutoka lenzi hadi mahali hapo huitwa urefu wa fokasi. Urefu huo ukiwa mkubwa, lenzi huona sehemu nyembamba ya dunia na kuikuza. Ukiwa mdogo, lenzi huona sehemu pana, na vitu vyote huonekana vidogo zaidi. Msomaji asichanganye basi: milimita 35 za filamu ni upana wa utepe, na milimita 35 za lenzi ni urefu wa fokasi. Namba ni moja, mambo ni mawili.

Tangu zamani, lenzi ihesabiwayo kuwa ya kawaida ni ile ambayo urefu wake wa fokasi wakaribia ulalo wa picha. Mwanafunzi aijuaye kanuni ya Pythagoras aweza kuhakikisha mwenyewe: mstatili wa milimita 24 kwa 36 una ulalo wa milimita 43 na kidogo. Kumbe ile lenzi ya milimita 50 iliyozoeleka imezidi kipimo hicho kwa milimita 7 hivi, na lenzi ya milimita 35 imepungua kwa milimita 8 hivi. Hazipitani sana katika kukosa kipimo. Moja imeegemea upande wa wembamba, na nyingine imeegemea upande wa upana. Ndiyo sababu hii ya pili huitwa pana kwa kiasi.

Iko hesabu nyingine iliyo rahisi zaidi. Upande mrefu wa picha ni milimita 36, na fokasi ni milimita 35. Namba hizi mbili zakaribiana mno. Kwa hiyo mpiga picha asimamapo meta 3 mbele ya ukuta, ataona ukuta wenye upana wa meta 3 hivi. Akisimama meta 5, ataona meta 5. Kwa lenzi ya milimita 50, akiwa meta 3, ataona kiasi cha meta 2 tu na kidogo. Na kwa lenzi ya milimita 28, ataona karibu meta 4. Mwenye lenzi ya milimita 35 hubeba kipimo chake katika miguu yake.

Lakini lenzi hii haikupata heshima yake mara moja, na sababu ilikuwa katika dirisha la kamera, wala si katika kioo cha lenzi. Mwaka 1932 zilitoka kamera mbili za Kijerumani zenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi: Leica II ya Leitz na Contax ya kiwanda cha Zeiss Ikon. Kipima umbali hufanya kazi kwa pembetatu, kama wafanyavyo wapima ardhi. Vidirisha viwili vilivyoachana kidogo hutazama kitu kimoja, na mpiga picha huona sura mbili za kitu hicho. Anapoizungusha lenzi, sura hizo husogeleana. Zinapolaliana zikawa moja, lenzi imekwisha kurekebishwa kwa umbali wa kweli.

Uzuri wa kamera za namna hii ni kuwa nyepesi, tulivu na za haraka. Upungufu wake ni kwamba mpiga picha hatazami kupitia lenzi yenyewe, bali kupitia kidirisha cha pembeni. Lenzi yaweza kubadilishwa, lakini kidirisha hakibadiliki pamoja nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Leitz walikwisha kutoa lenzi ya milimita 35, lakini kidirisha cha kamera kilikuwa cha milimita 50. Aliyetaka upana alilazimika kuchomeka kidirisha cha pili juu ya kamera. Alipima umbali katika dirisha moja, kisha akahamisha jicho kwenda dirisha jingine ili aone mipaka ya picha. Kwa mlima, hakuna hasara, kwani mlima hauondoki. Kwa mtoto achezaye, kuhamisha jicho ni kumpoteza.

Haishangazi basi kwamba mabingwa wengi wa siku hizo walishikamana na milimita 50. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 2004, ndiye mfano ulio mashuhuri. Aliitumia Leica tangu miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya kazi zake aliifanya kwa lenzi ya milimita 50. Hatuwezi kumlaumu, aliijua lenzi yake kama mkulima aijuavyo jembe lake.

Mwaka 1954 ilitoka Leica M3. Ndani ya kidirisha chake mliwekwa mistari ya nuru ionyeshayo mipaka ya picha, na mistari hiyo ilibadilika yenyewe kila lenzi ilipobadilishwa. Lakini mistari ilikuwa ya milimita 50, 90 na 135 tu. Ya 35 haikuwako. Wenye kutaka upana waliuziwa lenzi zilizofungwa miwani ya pekee mbele ya vidirisha. Ilipofika mwaka 1958 ikawako madukani Leica M2, kamera ya bei nafuu kuliko M3, yenye mistari ya milimita 35, 50 na 90. Mwaka huo huo ikatoka lenzi ya Summicron ya milimita 35, yenye vioo vinane na tundu namba 2, ipitishayo nuru nyingi. Sasa mpiga picha aliweza kupima umbali na kuona mipaka ya picha pana kwa jicho moja katika dirisha moja.

Je, jambo hilo lilikuwa na faida gani kwa ushahidi? Tuchukue mfano wa seremala afanyaye kazi barazani. Mpiga picha akitumia lenzi nyembamba kutoka mbali, atauleta uso wa seremala peke yake, wenye jasho na makunyanzi. Uso huo waweza kutupendeza, lakini hautuambii kama mtu huyu ni seremala, mvuvi au karani. Akitumia lenzi pana kupita kiasi, ataleta baraza, barabara na mbingu, na seremala mwenyewe atakuwa nukta. Akisimama meta 2 au 3 na lenzi ya milimita 35, ataleta uso, mikono, randa, meza na mwanafunzi ashikaye ubao upande wa pili. Mtu na mahali pake vitakuwa pamoja, na mwanahistoria wa kesho atakuwa na jambo la kusoma.

Kadhalika lenzi hii husamehe makosa madogo. Tundu likiwekwa namba 8, na lenzi ikirekebishwa kwa meta 5, vitu vyote kuanzia meta 2 na nusu hivi hadi upeo wa macho huonekana dhahiri. Kwa lenzi ya milimita 50 na tundu lilo hilo, haiwezekani kuufikia upeo wa macho bila kuacha nje vitu vyote vilivyo karibu kuliko meta 5 hivi.

Wako walioutaka upana zaidi. Garry Winogrand, Mmarekani aliyeishi kati ya mwaka 1928 na 1984, alijulikana kwa kupiga picha za njiani mjini New York kwa lenzi ya milimita 28. Picha zake zimejaa watu na mambo kama soko. Lakini upana huo una hatari zake: mtu aliye pembeni mwa picha huweza kuvutika akaonekana mnene kuliko alivyo, na asiye na uzoefu hujikuta amekusanya vitu vingi visivyo na habari. Kwa mwanafunzi aanzaye, kiasi ni bora.

Hata leo, ambapo kamera nyingi hazitumii filamu tena, wako wanaojifunza kwa kamera hizi za zamani. Anayechagua lenzi asidanganywe na tundu kubwa peke yake. Lenzi ya namba 1.4 hupitisha nuru mara mbili ya ile ya namba 2, lakini aghalabu huwa nzito na ghali, na huweza kuziba pembe ya kidirisha. Namba 2.8 yatosha kwa kazi za mchana. Aimulike lenzi kwa tochi, atazame kama ndani yake mna ukungu au nyuzi za kuvu, adui mkubwa wa vioo katika mahali penye unyevu. Wala si lazima awe tajiri: Olympus XA, iliyotoka Japani mwaka 1979, ina kipima umbali na lenzi ya milimita 35 isiyobadilishwa, nayo ni ndogo kama kiganja.

Limebaki jambo moja ambalo halinunuliwi. Lenzi ya milimita 35 haimruhusu mwenyewe kujificha. Ili aupate uso wa mtu, hana budi kumkaribia hadi waweze kusikilizana, na aliyekaribia kiasi hicho bila salamu ni mvamizi. Lenzi ndefu huweza kumwiba mtu sura yake kutoka ng'ambo ya barabara. Lenzi hii humdai mpiga picha adabu kwanza. Hata hivyo, upana si ukweli mtupu. Mpiga picha bado huchagua aelekee wapi, na nje ya mpaka wa kila picha yako mambo aliyoyaacha.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokuta picha ya zamani katika kitabu chako cha historia, usiishie kutazama waliomo. Uliza: aliyepiga alisimama mbali kiasi gani? Je, waliopigwa walijua? Na ni nani aliyekuwa amesimama hatua moja tu nje ya mpaka? Ukiuliza hivyo, umeanza kumhoji shahidi.