Dozi ya Amfoterisini na Figo za Mgonjwa

Dawa ya amfoterisini B, iliyopatikana katikati ya miaka ya 1950 na watafiti wa kampuni ya Squibb ya Marekani kutokana na bakteria wa udongo wa bonde la mto Orinoco nchini Venezuela, huua fangasi kwa kuishika ergosteroli, yaani mafuta yaliyomo katika utando wa seli zao, na kuutoboa utando huo. Kwa kuwa kolesteroli ya binadamu inafanana na mafuta hayo, dawa hiyohiyo huumiza figo za anayetibiwa.

Tatizo hilo lilipata uzito mpya UKIMWI ulipoenea Afrika, kwani waliopungukiwa kinga hushambuliwa na kriptokokasi, fangasi anayeingia kwa pumzi na kufika hadi kwenye utando wa ubongo. Matibabu yalikuwa dripu ya kila siku kwa wiki mbili: unga wa dawa ulichanganywa na maji ya glukosi ya asilimia 5, kwa sababu katika maji ya chumvi hugandamana, mgonjwa alitangulizwa maji ya chumvi yenye potasiamu ili kukinga figo, mara nyingi alitetemeka kwa homa dripu ikiendelea, na damu yake ilipaswa kupimwa tena na tena, maana potasiamu ikishuka mno mapigo ya moyo huvurugika. Hospitali zisizo na uwezo huo zilitegemea flukonazoli peke yake, ambayo haisumbui sana figo lakini huchelewa kuua fangasi, na usalama huo wa juujuu uligharimu maisha ya wengi.

Ufumbuzi ulitoka Afrika kwenyewe. Utafiti wa ACTA, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni, ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini, dawa nyingine ya fangasi, inatosha. Mwaka 2022 utafiti wa AMBITION, uliofanyika Uganda na nchi nne za kusini mwa Afrika, ulithibitisha kwamba dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vidogo mno vya mafuta, ikiandamana na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli za kumeza, haizidiwi na tiba hiyo ya wiki moja, na madhara yake makali ni machache zaidi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hiyo ya dozi moja mwaka huohuo.

Hata hivyo amfoterisini ya zamani, ambayo haipaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku, ingali inatumika, na dozi ya liposomu ikipimwa kwa makosa kutoka kwenye kichupa cha hiyo ya zamani huweza kuusimamisha moyo. Ndiyo sababu daktari hutakiwa kuandika jina la dawa kwa ukamilifu, na mfamasia kulihakiki kabla ya kuchanganya.