Dawa ya Kolera Ilivyofika Nyumbani

Sisi wa Kamina twajua kolera hutoka wapi mara nyingi: kule bondeni kwenye maziwa, Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, wanakokaa wavuvi. Mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku hizo, iliingia mwaka wa 1978 kwa upande wa ziwa Tanganyika. Lakini habari ya dawa yake ni ya zamani zaidi.

Mwaka wa 1832, kule Scotland, mganga Thomas Latta alitia maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokuwa karibu kufa, na baadhi yao wakaamka. Ila sindano yataka mganga, na maji safi kabisa. Kwa nini mgonjwa asinywe tu? Kwa sababu maji ya chumvi peke yake hupita tumboni na kutoka tena. Ndipo katika miaka ya 1960 wataalamu wakafahamu kwamba sukari huifungulia chumvi mlango wa utumbo, na maji huifuata.

Mwaka wa 1971 vita vilifukuza watu wengi sana kutoka Pakistani ya Mashariki, ndiyo Bangladesh ya leo, wakakimbilia Uhindi. Huko Bongaon wagonjwa walilala chini sakafuni, na maji ya kutia mishipani yakawa yanakwisha. Mganga Dilip Mahalanabis akaagiza ipimwe gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za magadi kwa kila litri. Mifuko ikajazwa mjini Calcutta, ikafungwa kwa pasi ya moto. Nao waliowanywesha wagonjwa walikuwa mama zao na ndugu zao! Kabla ya hapo walikufa 30 katika 100. Baadaye hawakufika 4.

Toka mwaka wa 1980 shirika la BRAC la Bangladesh likatuma wanawake nyumba kwa nyumba, kwa miaka kumi, kuwafundisha akina mama zaidi ya milioni 12 kuchanganya chumvi, sukari guru na maji. Mshahara wa mwalimu haukuhesabiwa kwa nyumba alizopita, bali kwa yale waliyoyakumbuka akina mama, na maji waliyoyachanganya yalipimwa maabara. Kwa maoni yangu, busara hiyo yalingana na ule uvumbuzi wenyewe.

Maana shida ni kipimo. Pakiti tunayopewa dispensari imetengenezwa kwa litri moja. Nyumbani kwetu chombo kilicho karibu ni chupa kubwa ya bia, nayo hukaa robo tatu tu hivi. Basi dawa huwa kali mno. Chumvi ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini, na mtoto aweza kushikwa na degedege. Ukiweka maji mengi mno nayo, dawa haina nguvu.

Kwa hiyo muuguzi anayetoa pakiti asimwache mama aondoke kabla hajamwonyesha litri ni kiasi gani na kuweka alama kwenye sufuria au dumu lake. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo dawa itiwe. Yakipita saa 24 yamwagwe. Mgonjwa akitapika, mngojee dakika 10, kisha umpe kijiko kwa kijiko. Lakini aliyelegea, macho yamezama, au hawezi kunywa, huyo apelekwe hospitali mara moja, wala msingoje kupambazuke.