SMS for Life: wanafunzi na meseji za dawa mseto

Wadau, huku Fukayosi tunalijua hili: mtoto ana homa, unafika zahanati unaambiwa "mseto umeisha, kanunue". Limeshanikuta. Kumbe kituo cha jirani dawa zipo kibao, ila anayegawa hana habari.

Tatizo kama hilo walipewa wanafunzi wa nchi mbalimbali waliokuwa mafunzoni IBM, kwenye programu ya Extreme Blue. Ndiyo ikaja SMS for Life, ya Wizara ya Afya, Novartis, Vodafone, IBM na Roll Back Malaria. Majaribio yalianza 2009, wiki 21, vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini.

Ilikuwa hivi: kila Alhamisi mhudumu anapata meseji kwenye simu yake. Anahesabu pakiti za mseto za aina nne na kwinini ya sindano, anajibu bure. Akiwahi kabla ya Ijumaa saa 11 jioni, anapewa salio. Wakubwa wa wilaya wanaona hesabu kwenye intaneti, wanahamisha dawa.

Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria vilishuka kutoka 78% wiki ya kwanza hadi 26% wiki ya 21.

Ila tusidanganyane: bohari ikiwa tupu, meseji haileti dawa.

Nyie mnaosomea uongozi wa huduma za afya, Mzumbe na kwingineko, mkija fildi msituandikie ripoti ya kabatini. Muulizeni nesi wa zahanati kinachomkwamisha, muanzie hapo. Au nakosea?